Maswali ya Wasomaji: Kufagia na Kuzoa

Tangu mvua za masika zilipokatika, barua zinazoifikia safu hii kutoka hapa Tanga zimekuwa zikizungumzia jambo moja, nalo ni hali ya njia zetu za mitaani. Wapo wanaomlalamikia jirani, wapo wanaolilalamikia gari la taka, na wapo wanaotaka tu kujua namna bora ya kushika ufagio. Nimechagua barua saba na kuzifupisha bila kugeuza maana yake. Nilifanya kazi ya bwana afya kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na jambo hili liko moyoni mwangu, kwa hiyo naomba nivumiliwe pale ambapo jibu limekuwa refu.

Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mama wa nyumbani, naishi Makorora. Kila alfajiri nafagia uwanja wangu pamoja na kipande cha njia kilicho mbele ya nyumba, lakini jua likipanda nakuta taka za jirani zimesukumwa hadi upande wangu, na nikimwambia hunijibu kwamba njia si ya mtu, ni ya serikali. Njia ya mtaani ni jukumu la nani hasa? (Mama wa Makorora)

Marahaba, mwanangu. Jirani yako amesema nusu ya ukweli, na ile nusu aliyoiacha ndiyo inayowagombanisha. Ni kweli kwamba njia si mali ya mtu. Mwili wa barabara za mitaani, yaani udongo wake, changarawe, lami pale ilipo, kalvati na mitaro ya maji ya mvua, uko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanzishwa mwaka 2017, ilhali barabara kuu zinasimamiwa na TANROADS. Taka zinazolala juu ya barabara hiyo ni habari nyingine, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi mamlaka za serikali za mitaa kazi ya kusimamia taka ngumu, na kwetu sisi mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Jiji. Halmashauri nazo, kupitia sheria ndogo za usafi, humtaka anayekaa katika nyumba atunze eneo linaloizunguka. Kwa hiyo anayetengeneza njia, anayesomba taka na anayefagia mbele ya mlango ni watatu tofauti, na kila mmoja akiiacha sehemu yake, wawili waliobaki hufanya kazi ya bure.

Mahali wanapokutana wote watatu ni kwenye mtaro, na ndipo mambo yanapoharibika. Naomba nikusimulie nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka jana, msimu wa machungwa ya Muheza ulipokuwa umepamba moto, nilikaa barazani asubuhi na kahawa yangu, nikalifuatilia ganda moja la chungwa lililomenywa kwa kisu hadi likatoka utepe mmoja mrefu. Mama wa nyumba ya kwanza alilifagia pamoja na majani ya mwarobaini, akalikusanya katika rundo dogo pembeni mwa ukuta, kisha akaingia ndani. Kuku wakalichakura rundo. Mama wa nyumba ya pili akatoka, akalikuta ganda liko upande wake, akalisukuma mbele. Wa tatu naye akalisukuma. Ilipofika saa tatu lilikuwa limefika ukingoni mwa mtaro, na mtoto aliyekuwa akikimbiza ringi ya baiskeli akalitumbukiza bila hata kuliona. Wanawake watatu walikuwa wamefagia kwa bidii hadi migongo ikawauma, na ganda lilikuwa bado lipo mtaani, ila sasa limeshuka mahali ambapo ufagio haufiki.

Lugha yetu imetofautisha kufagia na kuzoa, na ningependa tuitumie tofauti hiyo. Jirani yako anafagia, tena huenda anafagia kila siku kama wewe. Asichofanya ni kuzoa. Rundo likiachwa chini kwa saa moja, upepo, kuku, mbuzi na matairi ya bodaboda vitalirudisha njiani, na lisiporudi njiani litaingia mtaroni. Kutoka mtaroni hushuka na mvua hadi baharini, na bahari yetu hapa ina Hifadhi ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki adimu ambaye mataifa mengi yangetamani kuwa naye. Chupa ya maji iliyofagiwa Makorora haina safari ndefu ya kufika huko.

Kuhusu jirani, usianze na barua ya kwa mtendaji. Nenda kwake jioni, si asubuhi mkiwa wote na fagio mikononi, umwombe mshirikiane kiroba kimoja kitakachokaa mpakani mwa nyumba zenu, kila mmoja azoe rundo lake papo hapo alipolikusanya. Akikataa, mpitieni mjumbe, kisha mwenyekiti wa mtaa. Mara nyingi niliposuluhisha magomvi ya namna hii niligundua kwamba nyumba inayosukuma taka haina kizoleo wala chombo cha kuzitia, na mwenye nyumba anaona haya kusema.

Shikamoo babu. Mimi ni kijana wa Ngamiani, barabara ya 14. Njia yetu ya ndani ni ya mchanga, na tunaifagia kila siku. Sasa naona njia imeshuka, mizizi ya mwarobaini imetoka nje, na msingi wa nyumba yetu umeanza kuonekana. Wazee wanasema ni mvua. Inawezekana ni ufagio? (Kijana wa Ngamiani)

Marahaba, mjukuu wangu. Wazee wamesema kweli na wewe umesema kweli. Mvua huuchukua udongo uliolegea, na anayeulegeza kila asubuhi ni ufagio. Ukifagia mchanga kwa nguvu, unaondoa ile ngozi ngumu ya juu iliyoshindiliwa na miguu ya watu, kisha unausogeza mchanga laini pembeni, karibu kila mara kuelekea mtaroni, na mvua ya kwanza inaumalizia safari. Mtaro ukijaa mchanga maji hupanda njiani, yakipita njiani huchimba, na mwaka unaofuata njia iko chini zaidi. Mji wetu uko tambarare na mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kuliko yote, kwa hiyo mtaro uliopoteza nusu ya kina chake hauna namna ya kuyabeba maji hayo. Ipo nyumba moja huko huko Ngamiani ninayoifahamu tangu ujana wangu, ambayo ilijengwa ikiwa na ngazi moja ya kupandia baraza. Leo zimekuwa mbili, na chini yake wamelaza jiwe ili watoto wasiruke.

Njia ya mchanga huokotwa taka, haikwanguliwi. Anza kwa reki yenye meno mapana, au hata kwa mkono uliovaa glavu, uondoe majani ya mkungu, chupa na vifuko. Baada ya hapo nyunyiza maji kidogo, kiasi cha kuvunja vumbi tu, kwa kopo lililotobolewa matundu chini. Kisha pitisha ufagio wa chelewa ukiwa umeulaza, ili ncha za njukuti, yaani vijiti vyake, ziteleze juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Utaona michirizi myembamba kama ya kitana, na ukiona mifereji ujue mkono wako ni mzito. Ufagio mpya huchimba kuliko uliotumika, kwa sababu ncha zake bado ni ngumu. Mama zetu waliutumia ule mpya kwenye sakafu ya saruji na ukuta wa mawe kwanza, na ule mkuukuu ndio uliotoka uwanjani.

Kuhusu mgongo, usifagie njia ndefu kwa ufagio mfupi. Chukua mafungu mawili ya chelewa, yafunge pamoja kwenye mti mnyoofu unaokufika kidevuni, na ukazie kwa utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli, ambayo katika mji huu wa baiskeli hutakosa kuipata kwa fundi yeyote. Kamba ya nailoni hulegea, lakini mpira huzidi kubana kadiri unavyouvuta. Fagia mapema kabla upepo wa bahari haujainuka, na upepo wa kusi ukiwa umeshika, anzia mwisho wa kusini ukiupa mgongo, la sivyo utafagia na kurudishiwa.

Mchanga utakaokusanyika uchekecheni. Ulio safi urudisheni kwenye mizizi na kwenye msingi, mkaushindilie kwa miguu baada ya kuumwagia maji. Hiyo ni kazi ya jioni moja kwa mwezi.

Je, ni kweli kwamba kufagia usiku hufukuza riziki? Mume wangu ananikataza, nami narudi kazini magharibi. (Msomaji wa Duga)

Mama yangu, Mungu amrehemu, alitukataza pia, na nilipokua nilimwuliza sababu. Alinijibu kwamba katika mwanga wa kibatari huwezi kuona hereni, sarafu wala pete iliyodondoka, ukaja kuitupa pamoja na taka. Hiyo ndiyo riziki aliyokuwa akiiogopea. Mumeo hakusema neno baya. Basi fagia ndani saa hizo kwa taa nzuri, uziweke taka ndani ya kiroba hadi asubuhi, na njia iache ipambazuke, kwa sababu gizani huwezi kuona kigae cha chupa wala nyoka. Katika mafundisho ya Kiislamu kuondoa udhia njiani kumehesabiwa miongoni mwa tanzu za imani, nami sijaona kwamba tendo hilo lilipangiwa saa.

Kwenye kona yetu kuna muuza madafu. Ni mtu mwema, lakini makumbi yanabaki hapo juma zima na mbu wamezidi. Tumfukuze? (Wakazi watatu, Chumbageni)

Msimfukuze, tafadhali. Mfundisheni, na mumsaidie kupata mahali pa kuyapeleka.

Lakini hofu yenu ina msingi. Dafu likishakatwa na kunywewa hubaki bakuli, na mvua ndogo tu ya usiku hulijaza. Mbu aina ya Aedes, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, hupenda maji ya namna hiyo hasa: machache, yaliyotulia, ndani ya kopo, tairi, kifuu au kumbi. Ndiye anayeeneza homa ya dengi, ambayo mwaka 2019 ilizuka Dar es Salaam na hapa kwetu Tanga, na wengi wenu mnakumbuka maumivu yale ya viungo. Kutoka yai hadi mbu anayeruka, katika joto la pwani, ni kama siku saba hadi kumi. Kwa hiyo anayezoa vyombo hivyo mara moja kwa juma, bila kukosa, anamkatiza mbu kabla hajaota mabawa. Kuyamwaga maji na kukiacha chombo hapo hakutoshi, kwa sababu mayai yake hunata kwenye kuta za chombo na huweza kustahimili ukavu kwa miezi, yakasubiri mvua nyingine.

Mbu wa mtaro uliozibwa ni mwingine. Huyo ni Culex, hupenda maji machafu, huuma usiku, na katika pwani yetu ni mmoja wa mbu waliobeba matende na mabusha kwa vizazi vingi. Wazee wenye miguu iliyovimba tuliowaona utotoni hawakurogwa na mtu. Kwa hiyo mnapomwomba muuza madafu ayapasue makumbi vipande vinne yasishike maji, ayatie kwenye kiroba, na jioni ayapeleke kwa mama wanaoyahitaji kwa kuni, mtazameni pia mtaro ulio mita chache kutoka kwenye meza yake.

Kaka yangu anaishi Marekani. Anasema kwao barabara za makazi hufagiwa kwa gari lenye brashi, na usipoondoa gari lako siku hiyo unatozwa faini. Kwa nini Tanga tusinunue magari hayo tukaachana na fagio? (Msomaji wa Raskazone)

Kaka yako amekueleza sawasawa. Mashine za kufagia barabara ni za zamani kuliko wengi wanavyodhani: Joseph Whitworth alitengeneza ya kukokotwa na farasi katika mji wa Manchester, Uingereza, miaka ya 1840, na huko Marekani mwaka 1896 Charles Brooks alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya gari la kufagia lenye brashi zinazozunguka. Magari ya leo yana brashi za duara pembeni zinazokwangua ukingo wa barabara, mipira inayonyunyiza maji ili vumbi lisiruke, na ama mkanda unaopandisha taka au feni kubwa inayozifyonza hadi kwenye tangi. Kwa kuwa taka nyingi hujikusanya ukingoni, gari lililoegeshwa pembeni huizuia mashine kufika pale pale inapohitajika, na ndiyo sababu ya zile faini. Jiji la New York limekuwa na utaratibu wa kuhamisha magari upande mmoja wa barabara, kisha upande wa pili, tangu mwaka 1950.

Sasa tazama njia zetu. Mashine hiyo inataka lami isiyo na mashimo na ukingo wa zege ulionyooka. Katika barabara za lami za katikati ya mji ingeweza kufaa. Katika njia za ndani za Mwanzange au Mabawa ingefyonza njia yenyewe, na baada ya juma moja tangi lingekuwa limejaa mchanga na brashi zimelika. Fedha za gari moja la namna hiyo, kwa maoni yangu, zingekuwa na faida kubwa zaidi kama zingenunua maguta na matoroli ya kutosha kwa kila mtaa, pamoja na fagio, mabeleshi na vizoleo, kwa sababu kinachotukwamisha ni kuzoa na kusafirisha, na mikono ya kufagia tunayo.

Hata hivyo kuna jambo moja katika maelezo ya kaka yako ambalo ningelichukua kesho kama ningepewa nafasi, nalo ni ile ratiba. Kule kila nyumba inajua kwamba siku fulani, kuanzia saa fulani hadi saa fulani, upande huu wa barabara utafagiwa, na jambo hilo limeandikwa kwenye kibao kilichosimikwa mtaani. Mkazi halazimiki kukisia, na mfagiaji asipofika kila mtu anajua kwamba hakufika. Kibao cha bati na rangi kidogo havihitaji mkopo wa nje.

Mzee, mimi ni mwenyekiti wa mtaa, Mikanjuni. Wananchi wanalipa ada ya taka lakini gari linakuja linapotaka. Taka zinarundikana kizimbani, wengine wanazichoma, wengine wanazitupa mtaroni usiku. Nifanye nini ambacho kiko ndani ya uwezo wangu? (Mwenyekiti)

Ndugu Mwenyekiti, nakushukuru kwa kuandika, maana viongozi wengi hungoja waandikiwe wao. Nitakujibu kwa mambo yaliyotupata mtaani kwetu wenyewe.

Tulikuwa tukilipa, na gari lilikuwa likija baada ya siku tano, mara tisa, mara tatu. Watu waliposikia honi walikimbilia kutoa viroba. Waliokuwa kazini walikosa. Viroba vyao vikatolewa usiku, mbwa wakavirarua, na asubuhi kizimba kilikuwa kimemwagika hadi katikati ya njia. Tulilalamika kwa mdomo mwaka mzima na kila mara tulijibiwa kwa upole kwamba jambo letu linashughulikiwa. Kisha mama mmoja mwenye duka mkabala na kizimba akanunua daftari la senti chache, akaanza kuandika: tarehe, saa gari lilipofika, au mstari mtupu siku ambazo halikufika. Baada ya miezi miwili tuliambatanisha kurasa zile na nakala za risiti zetu, tukazipeleka ofisi ya kata kwa barua iliyosainiwa na wajumbe wote. Hatukuwa na neno kali hata moja ndani yake. Walipoona mistari mitupu imejaa katika kurasa nne mfululizo, hawakutuambia tena kwamba jambo linashughulikiwa. Walituuliza tunataka siku gani. Tulichagua Jumanne na Ijumaa, na tangu hapo gari likikosa tunajua ndani ya saa moja.

Kwa hiyo anza na daftari. Hakikisha pia kwamba kila anayelipa anapewa risiti ya kielektroniki ya serikali, kwa kuwa fedha iliyolipwa bila risiti haiwezi kuulizwa. Siku ikishapangwa, tangaza kwamba kiroba kitolewe asubuhi ile ile, kisitolewe usiku wa kuamkia. Na ikiwa kuna vijana au kina mama mtaani walio tayari kusomba taka kwa guta kutoka milangoni hadi kizimbani, wasaidie kujisajili kama kikundi, kwa kuwa sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Guta na viatu vya mpira ni maombi yanayoeleweka mbele ya kamati yoyote.

Kuhusu kuchoma, kataza bila kuona haya. Moshi wa plastiki una sumu zinazoingia kwenye mapafu ya watoto wanaocheza chandimu mita kumi kutoka pale, na majivu yake hayafai hata kwenye mchicha. Majani pekee yana njia bora zaidi: chimbeni shimo la kina cha magoti nyuma ya nyumba, myatie humo pamoja na maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, myafunike kwa udongo mwembamba. Kila shimo la namna hii hupunguza uzito wa kiroba kwa kiasi ambacho mtashangaa, kwa sababu sehemu kubwa ya taka za nyumba zetu ni majani na mabaki ya chakula.

Na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi uendelee. Tulianza utaratibu huu kwa nguvu baada ya tarehe 9 Desemba 2015, siku ambayo Rais Magufuli aliagiza sherehe za Uhuru ziwe siku ya usafi, na nakumbuka furaha ya kuona mtaa mzima umeshika mabeleshi. Nakumbuka pia kilichofuata katika mitaa mingi: tope lililotolewa mtaroni lilirundikwa ukingoni, watu wakanawa mikono na kuondoka, na mvua ya vuli ikalirudisha lote lilikotoka. Usiitishe kazi ya kuzibua mtaro kabla hujawa na uhakika wa gari au guta la kuliondoa tope siku hiyo hiyo. Kama chombo hakijapatikana, waambie watu wafyeke nyasi.

Shikamoo mzee. Mimi ndiye ninayefagia. Nina miaka sita katika kazi hii, naanza saa kumi na moja alfajiri. Siku hizi nakohoa. Na watu wananipita kama jiwe, au wanatupa ganda mbele yangu nikiwa nafagia. Sijui hata nauliza nini. (Mfagiaji)

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma mara tatu.

Nianze na kikohozi. Ikiwa kimezidi wiki mbili, nenda kituo cha afya kesho, ueleze kazi unayofanya, upimwe makohozi. Kipimo cha kifua kikuu katika vituo vya serikali hakilipiwi, na ugonjwa huo unatibika. Hata kama si hicho, vumbi la barabara peke yake linaweza kuuchosha mfumo wa hewa. Nyunyiza maji kabla ya kufagia kila unapoweza, funika pua na mdomo kwa barakoa, au kwa kitambaa cha pamba ulichokilowesha na kukikamua, na usifagie ukiutazama upepo. Vaa kizibao cha kuakisi mwanga, kwa sababu saa kumi na moja ni giza na madereva wana usingizi, na ufagie ukiyaelekea magari yanayokuja ili uyaone. Vifaa hivi si vyako kununua. Aliyekuajiri anapaswa kukupa. Mwulize pia kama anakuchangia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao huwalipa walioumia au kuugua kutokana na kazi, na umwombe jibu kwa maandishi.

Kuhusu watu wanaokupita kama jiwe, ninalo jambo la kukusimulia. Mwaka 1895 George Waring alipokabidhiwa usafi wa jiji la New York, ambalo wakati huo lilikuwa limejaa mavi ya farasi na taka, aliwavisha wafagiaji sare nyeupe kuanzia kofia hadi suruali, na mwaka uliofuata akawapitisha katika gwaride barabarani mbele ya watu wote. Wengi walimcheka kwa kuchagua rangi nyeupe kwa kazi ile. Yeye alitaka waonekane kama watu wa afya, kama wauguzi, na watazamaji waliposimama kando ya barabara wakiwashangilia, kazi yenyewe ilibadilika.

Nanyi wasomaji mlio majumbani, huyu dada anapita mbele ya milango yenu kabla hamjaamka. Mpeni salamu. Mkiwa na kigae cha chupa au wembe, msiutie kwenye kiroba ukiwa mtupu, kwa sababu anayekifunga kiroba hicho hukikumbatia kifuani ili akipakie. Kifungeni kigae kwenye gazeti mara tatu, mkaze kwa uzi, mkampe mkononi mwake mkimwambia kilichomo.